Tuwafunze wanafunzi kusoma dalili kabla ya kushika spana

Mwezi wa Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 katika shule za sekondari pevu, baadhi yao wakifuata mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Tangu hapo mjadala katika mikutano ya wazazi na vyumba vya walimu umekuwa juu ya maabara, karakana, karo na uhaba wa walimu. Hayo ni mambo mazito na sina nia ya kuyapuuza. Hata hivyo, lipo swali ambalo halijapewa nafasi linayostahili. Mwanafunzi akishaingia karakana, na mashine iliyo mbele yake ikakataa kufanya kazi, tumemwandaa vipi kuiuliza mashine hiyo ina nini?

Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si makanika. Lakini kutafuta hitilafu ni kazi ya kusoma alama, na alama ndizo riziki ya taaluma yangu. Mashine haitaji ugonjwa wake. Hutoa dalili tu, na dalili moja huweza kuzaliwa na magonjwa matano. Nimechagua mfano ambao vijana wengi huupenda kuliko fonolojia ninayowafundisha: gari la mbio lililofungwa supachaja baada ya kutoka kiwandani. Ninajua kwamba si shule nyingi za Kenya zenye gari la aina hiyo uani. Nimelichagua kwa sababu makosa ya kulisoma hujitokeza upesi na gharama yake haifichiki.

Injini ya petroli huishi kwa kupumua. Kila pistoni inaposhuka huvuta hewa, na ili petroli iungue barabara huhitajika takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Ukitaka nguvu zaidi bila kuongeza ukubwa wa injini, sharti uisukumie hewa nyingi kuliko ile inayoweza kuvuta yenyewe, kisha uongeze mafuta kwa kadiri hiyo. Supachaja ndicho chombo hicho cha kusukuma, nacho huzungushwa kwa mkanda unaotoka kwenye puli ya injini. Mhunzi wa kale angekitambua mara moja, kwani hakina tofauti ya asili na mvukuto wake. Na ulinganisho huu si wa kishairi tu. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots, wakazi wa Connersville katika jimbo la Indiana nchini Marekani, walisajili mtambo wao wa kupuliza hewa mnamo 1860, nao ukatumika kuvuvia tanuri za kuyeyushia chuma muda mrefu kabla ya gari kubuniwa. Mtambo wa namna hiyo hiyo ndio uliokuja kupachikwa juu ya injini, na Mercedes walionyesha magari yao ya kwanza yenye kifaa hicho mjini Berlin mwaka wa 1921. Kwa hiyo nikiita supachaja mvukuto katika makala haya, msomaji asidhani ninabuni istilahi kwa kujifurahisha. Neno tunalo, tulilisahau katika kiwanda cha mhunzi.

Kuna jambo dogo la msamiati hapa. Mitaani kila gari lenye pumzi ya ziada huitwa la tabo. Kihistoria tabo ni aina mojawapo tu ya mvukuto, ile inayozungushwa na moshi wa egzosi badala ya mkanda, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliisajili mwaka wa 1905. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, likibeba maana ya mvukuto unaoendeshwa na tabo, kisha wasemaji wakalikata. Mtoto akachukua jina la ukoo mzima. Hilo si kosa la kumkera mwanaisimu. Ila makanika anayeambiwa kwa simu kwamba "tabo haivuti" atauliza habari za egzosi, ilhali kinachoteleza ni mkanda.

Wasomaji wa umri wangu na waliotutangulia huenda wanakumbuka kwamba mvukuto wa mkanda umewahi kukanyaga vumbi letu. Lancia 037, iliyokuwa na mvukuto wa aina ya Roots, ilishiriki katika Safari Rally miaka ya themanini, na mwaka wa 1986 Markku Alén aliifikisha katika nafasi ya tatu. Lakini magari hayo yalihudumiwa na kikosi cha wahandisi wa kiwanda. Yanayonihusu hapa ni magari ambayo mwenyewe, au rafiki wa mwenyewe, huyafungia mvukuto kutoka kwenye sanduku lenye kijitabu cha maelekezo.

Chukua Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, zilizoanza kuuzwa 2012. Injini yake ni ya lita 2, silinda nne zilizolala, na nguvu za farasi zipatazo 200. Waandishi wa habari za magari walisifu usukani wake na kulalamikia upungufu wa nguvu, na kwa sababu hiyo mivukuto ya kuipachika ikatengenezwa na kuuzwa kwa wingi Marekani, Australia na kwingineko. Tatizo ni kwamba injini hiyo haikuumbwa kwa ajili ya kusukumiwa hewa. Uwiano wake wa mgandamizo ni 12.5 kwa 1, ilhali injini nyingi zinazotoka kiwandani zikiwa na tabo au mvukuto huwa karibu na 9 au 10. Petroli ikigandamizwa kupita kiasi huripuka kabla ya wakati wake, na mripuko huo humpiga pistoni anayepanda. Wakati huo ndipo makanika wanaposema injini inagonga. Ikigonga vya kutosha, pistoni hupasuka au konrodi hujipinda, na aliyetafuta farasi mia zaidi hubaki na kilo nyingi za chuma chakavu. Kati ya mgongo wa kwanza na uharibifu huo kuna muda mfupi sana wa kusoma dalili.

Tuziangalie dalili zenyewe. Gari limefungwa mvukuto, linawaka, lakini taa ya injini inamulika. Mwenye gari anaunganisha kifaa cha kusomea, nacho kinamtolea P0171. Misimbo hii ni lugha rasmi kabisa. Marekani iliilazimisha kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia modeli za 1996. Herufi P huonyesha kwamba habari inahusu injini na gia, sufuri inayofuata huonyesha kwamba msimbo ni wa pamoja kwa viwanda vyote, na tarakimu za mwisho husema kwamba mchanganyiko upande wa kwanza una hewa nyingi kuliko mafuta. Aliyetoa habari hiyo ni kihisi cha oksijeni kilichomo katika egzosi. Basi mwenye gari hufanya nini? Hununua kihisi kipya cha oksijeni. Amemchapa mjumbe kwa sababu hakuipenda barua.

Msimbo ule haukusema kihisi kimeharibika. Ulisema hewa imezidi, na hewa huweza kuzidi kwa njia nyingi: mpira ulioachwa bila kibanio, gasketi iliyokaa upande, pampu ya mafuta isiyofikisha kiasi, au kompyuta ya gari ambayo haikupewa hesabu mpya za injini mpya. Kinachotofautisha njia hizi ni swali ambalo kifaa hakikuulizwa: lini? Hewa inazidi gari likiwa limesimama linanguruma taratibu, au linapokimbia kwa mzigo?

Hapa pana jambo ambalo nalipenda kwa jinsi linavyofanana na neno lenye maana mbili. Tuseme kuna tundu dogo katika bomba la hewa, baada ya kihisi kinachopima hewa inayoingia na karibu na injini. Gari likiwa limesimama, ndani ya bomba mna mvuto, kwa hiyo tundu hufyonza hewa ya nje ambayo haikupimwa, na mchanganyiko hukonda. Ukikanyaga mafuta mvukuto ukaanza kusukuma, ndani ya bomba mna shinikizo, na tundu lilo hilo hutema nje hewa ambayo ilikwisha kupimwa. Kompyuta imetoa mafuta kwa hewa isiyofika, na mchanganyiko hunona. Tundu ni moja, dalili ni mbili, tena zinazopingana. Anayesoma dalili bila muktadha wake atasema gari lina magonjwa mawili, atanunua vipuri viwili, na tundu litabaki pale pale. Kinyume chake, gari ambalo ni zima likiwa limesimama na hukonda linapokaribia mizunguko 6,000 kwa dakika halina haja ya kutafutiwa tundu kwanza. Mtazame pampu na nozeli za mafuta.

Mkanda nao una maneno yake. Geji ya mvukuto ikipanda vizuri kisha ikaanza kushuka mizunguko inapozidi, na kando ya puli ukakuta vumbi jeusi la mpira na uso wa mkanda uking'aa kama kioo, mkanda unateleza. Injini ikikosakosa tu wakati wa kusukumwa sana, ilhali polepole inakwenda sawa, tazama plagi: hewa iliyosongamana ni ngumu kwa cheche kuirukia, na mwanya wa plagi uliofaa zamani sasa ni mpana mno. Yote haya hupimwa moja baada ya jingine. Anayebadilisha plagi, mkanda na hesabu za kompyuta mchana mmoja, gari likapona, hajui limeponywa na nini. Likiugua tena ataanza upya.

Nimefika kwenye jambo linalotuhusu sisi wakaaji wa nchi yenye miinuko. Kijitabu cha maelekezo kilichoandikwa mahali palipo karibu na usawa wa bahari kitasema, mathalan, kwamba geji ionyeshe kilopaskali 50 juu ya hewa ya kawaida. Mombasa hewa ya kawaida ni kilopaskali 101 hivi. Mvukuto unaoongeza 50 juu ya 101 umezidisha shinikizo mara moja na nusu. Sasa lete gari hilo Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni kilopaskali 82 tu. Mvukuto wa mkanda hauna habari kwamba umepanda mlima. Puli ni ile ile na mizunguko ni ile ile, kwa hiyo huzidisha kwa kiwango kile kile kwa kukadiria. Mara moja na nusu ya 82 ni 123. Geji, ambayo hupima tofauti kati ya ndani na nje, itaonyesha 41.

Kijana wa Nairobi anasoma 41 pale kijitabu kilipoahidi 50. Anaingia chini ya gari kutafuta tundu lisilokuwepo. Asipolipata, anaagiza puli ndogo zaidi ili mvukuto uzunguke kwa kasi, na hatimaye geji inasema 50. Amefurahi. Lakini ili kupata 50 Nairobi imembidi kufikisha shinikizo la ndani 132, yaani kuzidisha mara 1.6 hivi. Mwezi wa Desemba anashuka Mombasa na familia yake. Huko mvukuto ule ule, ukizidisha 101 kwa kiwango hicho, unasukuma hadi kilopaskali 163 hivi, na geji inaruka hadi 62. Hewa ya pwani ina joto zaidi, na kugandamiza huongeza nyuzi 50 za Selsiasi au zaidi juu yake, tena ndani ya injini ya mgandamizo wa 12.5. Injini iliyokuwa salama Nairobi inagonga Mombasa. Wa kwanza kulaumiwa huwa mafuta ya kituo cha Mtito Andei.

Geji haikusema uongo hata mara moja katika mkasa huo. Ilisema kweli Nairobi, ikasema kweli Mombasa. Kilichokosekana ni msomaji anayejua kwamba tarakimu, kama maneno "hapa" na "jana", hupata maana kutoka mahali inaposemwa.

Mafuta yenyewe yana mtego wa namna hiyo. Katika pampu za Marekani utakuta nambari 91 au 93 zikieleza uwezo wa petroli wa kustahimili mgandamizo. Nambari hizo ni wastani wa vipimo viwili. Sehemu nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo, hutumia kimoja tu kati ya hivyo viwili, kile kinachotoa tarakimu kubwa. Kwa hiyo 93 ya Marekani hukaribia 97 au 98 kwa hesabu ya kwetu. Anayepokea faili ya hesabu za kompyuta iliyoandaliwa kwa 93 ya huko, kisha akajaza 93 ya hesabu ya huku akiamini ametii maelekezo, ameweka mafuta hafifu kwa pointi nne au tano. Wanafunzi wa tafsiri huwaita maneno kama haya marafiki wasaliti. Wanafunzi wa umakanika hawajaambiwa kwamba hata tarakimu zina usaliti huo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto wa matajiri wanaochezea magari, na kwamba barabara zetu tayari zina majeneza ya kutosha. Kwa hoja ya pili sina upinzani: anayeongeza nguvu za injini bila kugusa breki na magurudumu ni hatari kwa wote, na mahali pa kuzijaribu ni uwanja wa mashindano. Kwa hoja ya kwanza nasema wakatazame kinu cha kusagia mahindi kinachoendeshwa kwa dizeli huko Molo au Nyahururu. Injini isiyo na mvukuto hupoteza asilimia 3 hivi ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Mwenye kinu aliyenunua injini kwa kusoma nguvu zilizoandikwa kwenye kibati chake, nguvu zilizopimwa karibu na usawa wa bahari, atakuta haifikishi. Atauziwa nozeli mpya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Pesa zake ni kidogo kuliko za mwenye gari la mbio, na uchungu ni mkubwa zaidi.

Sasa nirudi darasani. Makanika wetu wa jua kali wana msamiati mpana wa dalili. Husema injini inagonga, inakohoa, inakosa, inavuta, inazubaa, inanguruma, inapiga mluzi. Kila kitenzi hapo kina sauti yake na sababu zake. Kijana akihitimu ataandika mtihani wa ufundi kwa Kiingereza, na mle atatakiwa kutaja majina ya sehemu. Vitenzi hivi, ambavyo ndivyo vinavyobeba utambuzi, vitabaki gereji. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi hii tangu Katiba ya 2010, lakini sijaona tukikitumia pale kinapofanya kazi vizuri kuliko kingine, yaani katika kueleza kinachosikika na kinachohisika katika mashine. Tunawaagiza wanafunzi waandike insha juu ya siku ambayo hawataisahau, mwaka baada ya mwaka. Mbona tusiwaagize waandike ripoti ya pampu ya maji ya shule iliyokataa kuvuta?

Ripoti hiyo ni zoezi la lugha kwelikweli. Mwanafunzi atalazimika kutenganisha alichosikia na anachodhani. "Mkanda umelegea" ni hukumu. "Kuna mlio mkali kwa sekunde mbili kila inapowashwa asubuhi" ni ushahidi. Atajifunza kazi ya viambishi vya masharti pia, kwa maana "ikipata moto hukosa" na "ilipopata moto ilikosa" ni taarifa mbili tofauti: ya kwanza inadai mazoea, ya pili inaeleza tukio moja. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa ufundi wanaweza kuisahihisha ripoti moja kwa pamoja, kila mmoja kwa kalamu ya rangi yake, bila kungoja waraka kutoka Nairobi.

Wala hapahitajiki vifaa vya bei. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye maungio ya bomba lenye shinikizo hutoa povu palipo na tundu. Daftari la mistari latosha kuwa kumbukumbu. Ningependa ukurasa wake wa kwanza uwe na tarehe, jina la mahali na mwinuko wake kutoka bahari, hali ya hewa ya siku hiyo, aina ya mafuta na mahali yalikonunuliwa, joto la injini wakati dalili ilipoonekana, na mstari mmoja wa kile kilichosikika, kwa maneno ya aliyekisikia. Safu ya kutaja kipuri cha kununuliwa iwe ukurasa wa pili.